Hesabu ya Wanaojificha

4,733,152. Hiyo ndiyo idadi ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 65 ambao, kwa mujibu wa utafiti wa NACADA wa 2022, walikuwa wakitumia angalau kitu kimoja cha kulevya: pombe, tumbaku, miraa, bangi au kingine. Mtu mmoja kati ya sita. Uliisikia kwa redio, uliiona kwa simu, na kama una mjomba kama wangu, aliituma kwa grupu ya familia usiku wa manane ikifuatwa na mikono mitatu ya maombi.

Mimi hukwama kwenye tarakimu za mwisho. Haikuandikwa milioni nne na ushee, wala karibu milioni tano. Iliandikwa hadi mtu wa mwisho, mia moja hamsini na wawili, kana kwamba kuna msee alizunguka kutoka Lokichoggio hadi Vanga akipiga hodi kila nyumba.

Hakuna aliyezunguka hivyo. Watafiti walihoji maelfu machache ya watu katika kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, majibu yakageuzwa asilimia, kisha asilimia zikazidishwa kwa idadi ya watu wote wa umri huo. Ni njia halali, na bila hiyo tungekuwa tunabahatisha gizani. Lakini isukume kidogo uone. Utafiti huo ulisema wanaotumia bangi ni asilimia 1.9, yaani watu 518,807. Asilimia hiyo ikishuka hadi 1.8, watu kama 27,000 wanatoweka kwenye ripoti. Hawajaacha kuvuta. Wametoweka kwa sababu wahojiwa wachache, pengine wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, walijibu "hapana" badala ya "ndiyo".

Na kwa nini mtu asijibu hapana? Sheria ya mihadarati ya 1994, ilipotungwa, ilimwekea mtu aliyepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe kifungo cha hadi miaka 10. Sasa mgeni mwenye kitambulisho shingoni na tableti mkononi anakaa sebuleni kwenu, mamako yuko jikoni anasikiliza, halafu mgeni anakuuliza kama umevuta ngwai siku 30 zilizopita. Ungemjibu nini?

Nimefanya kazi ya kubeba hiyo tableti, na baadaye nikaanza kusoma historia ya hesabu hizi kwa udadisi wangu mwenyewe. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba ni historia ya swali moja gumu: unawezaje kumuuliza mtu jambo linaloweza kumfunga, kumfukuzisha shule au kumwaibisha kwao, naye akakuambia ukweli? Kila kizazi cha watafiti kilikuwa na jibu lake. Na kila jibu liliamua ni vijana gani wataonekana na nani atabaki kivulini.

* * *

Neno bangi lenyewe lilitufikia kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo hebu tuanzie huko.

Mwaka 1893, mbunge mmoja wa Uingereza, W. S. Caine, aliuliza swali bungeni London kuhusu madhara ya bangi katika India, koloni lao. Serikali ikaunda tume. Tume hiyo ilizunguka, ikapokea ushahidi wa watu 1,193, na ikatoa ripoti ya majuzuu kadhaa mwaka 1894. Moja ya hoja zilizotumika dhidi ya bangi ilikuwa ya takwimu: rekodi za hospitali za wendawazimu zilionyesha wagonjwa wengi waliorukwa na akili kwa sababu ya bangi. Namba zilikuwepo na zilikuwa zimepigwa muhuri. Nani angebisha?

Tume ilibisha. Iliamua kufuatilia namba hizo zilikotoka. Ilichukua wagonjwa 222 walioingizwa mwaka 1892 na kuandikiwa bangi kuwa chanzo cha ugonjwa wao, ikachunguza kila kesi upya. Zikabaki 98. Na katika hizo, ambazo bangi peke yake ingeweza kulaumiwa zilikuwa 61.

Hizo nyingine zilitoka wapi? Zilitoka kwenye fomu. Mgonjwa alipopelekwa hospitalini alikuja na karatasi yenye nafasi ya kujaza chanzo cha wazimu, na karatasi hiyo mara nyingi ilijazwa na polisi au karani, si daktari. Polisi hakujua chanzo. Lakini nafasi ilitaka kujazwa, na ikiwa mtu huyo aliwahi kuonekana akivuta, jibu lilikuwa tayari. Hospitali ikanakili karatasi, ripoti ya mwaka ikanakili hospitali, bunge likanukuu ripoti.

Mtu yeyote aliyewahi kujaza fomu ya ofisini anaujua ugonjwa huu. Nafasi ikiwa na alama nyekundu kwamba lazima ijazwe, itajazwa. Tume ile ilipendekeza bangi idhibitiwe na kutozwa kodi badala ya kupigwa marufuku kabisa. Wakoloni wa huku kwetu walichagua njia nyingine: bangi ilipigwa marufuku mwaka 1914.

* * *

Miaka thelathini baadaye namba za hospitali zilirudi tena, safari hii Nairobi.

Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari mmoja, J. C. Carothers. Mwaka 1945 alichapisha makala fupi katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, na kichwa chake kiliitaja miraa kuwa chanzo cha wendawazimu. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliweka masharti ya kisheria juu ya miraa.

Carothers alikuwa na wagonjwa waliokuwa wametafuna miraa. Hilo sina shida nalo. Shida iko kwa hesabu. Shule ya msingi tulifundishwa sehemu: kuna namba ya juu na namba ya chini, na moja bila nyingine haina maana. Daktari wa Mathari alikuwa na namba ya juu peke yake, yaani watafunaji walioletwa hospitalini. Hakuwa na namba ya chini: watafunaji wote wa Meru, Isiolo, Nairobi na Mombasa waliokaa na jaba zao usiku kucha, kisha asubuhi wakaenda kazini kama kawaida. Ili ujue kama miraa inaharibu akili unahitaji makundi manne: wanaotafuna na wagonjwa, wanaotafuna na wazima, wasiotafuna na wagonjwa, wasiotafuna na wazima. Ukisimama mlangoni Mathari unaona mawili tu.

Hili si kosa dogo la kitaaluma. Mtu anayezoea kupima jamii nzima kwa wagonjwa wake ataishia mahali pabaya. Mwaka 1953 Carothers aliandika kitabu, kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, kuhusu akili ya Mwafrika, bara zima. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake ya Mau Mau kama suala la saikolojia. Watu waliokuwa wakidai ardhi walielezwa kwa lugha ya wadi ya hospitali.

Na usidhani hesabu ya aina hiyo iliondoka na mkoloni. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, kabla ya mahakama ya Embu kusimamisha amri hizo. Wiki hiyo yote hoja ya vijana kuharibika akili ilikuwa midomoni mwa wanasiasa. Inawezekana muguka unawadhuru vijana wa Pwani, na mama aliyemwona mwanawe akibadilika hahitaji takwimu zangu. Lakini kila mara mtu aliposema "nendeni hospitalini mkaone wamejaa", nilimkumbuka Carothers amesimama mlangoni. Mkulima wa Embu aliyesomesha watoto kwa muguka ana haki ya kuuliza namba ya chini iko wapi. Mama wa Mombasa naye ana haki ya kujibiwa kwa utafiti unaoanza nje ya hospitali.

* * *

Kama hospitali inaonyesha wachache walioharibikiwa tayari, utawapata wapi vijana wa kawaida? Watafiti wakaona jibu rahisi: shuleni. Wako pale, wamekaa kwa mistari, wana kalamu, na hawawezi kutoka.

Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilianza kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari kuhusu mihadarati, na kimeendelea kila mwaka hadi leo. Ujanja wake uko kwenye kurudia. Hata kama wanafunzi hudanganya, ikiwa kila mwaka wanadanganya kwa kiwango kilekile, bado utaona mstari ukipanda au kushuka. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa namna ya kufanya tafiti za aina hii kwa wanafunzi, ili nchi tofauti ziulize maswali yanayolingana. Huku kwetu, Dhadphale, Acuda na wenzao walichapisha utafiti wa awali kuhusu wanafunzi wa sekondari mwaka 1982. Mwaka 1996 Kuria akalinganisha shule za mjini na za mashambani. NACADA ilipoundwa mwaka 2001, ilikuta njia imeshafyekwa.

Wakati huo watafiti walikuwa wamegundua kwamba vijana hudanganya pande mbili. Wapo wanaoficha, na wapo wanaojigamba. Utafiti wa pamoja wa nchi za Ulaya ulioanza 1995, ukihusisha nchi 26, ulitega mtego mzuri kwa ajili ya hawa wa pili. Katikati ya orodha ya dawa za kulevya uliweka moja iitwayo Relevin. Umewahi kusikia Relevin? Wamewahi kuitumia marafiki zako? Relevin haipo. Ilibuniwa na watafiti. Kijana akisema ameitumia, unajua majibu yake mengine uyapime kwa mizani nyingine. Nikipewa hojaji ya Kenya niitengeneze, nitaweka dawa iitwayo zumbulo, na nina hakika nyuma ya darasa atapatikana jamaa mmoja wa kuapa kwamba zumbulo ya Kariobangi ni kali kuliko ya Kayole.

Kwa wanaoficha, dawa yake ni usiri, na hapo ndipo shule huponza. Hojaji ilifika darasani kwetu nikiwa kidato cha pili. Tuliambiwa tusiandike majina. Lakini tuliandika umri, jinsia, kidato na bweni, kisha mwalimu wa zamu akapita katikati ya madawati na kukusanya karatasi moja moja. Katika kidato chetu msichana wa miaka 18 alikuwa mmoja tu. Yeye alikuwa ameandika jina lake bila kuliandika, na alijua, kwa sababu nilimwona akiweka alama ya "hapana" safu nzima kuanzia juu hadi chini bila hata kusoma maswali. Kwenye ripoti yeye ni mwanafunzi safi asiyewahi kuonja hata bia. Huenda ni kweli. Hojaji ile haikuwa na namna ya kujua.

Ndiyo maana siku hizi nikiona namba za shuleni nauliza mambo mawili kabla ya kushtuka. Kwanza, swali lilikuwa "umewahi" au "siku 30 zilizopita"? Utafiti wa NACADA wa shule za sekondari wa 2016 ulisema asilimia 23.4 ya wanafunzi wamewahi kutumia pombe, 17.0 miraa, 16.1 dawa za hospitali bila kuandikiwa na daktari, 14.5 tumbaku na 7.5 bangi. Neno zito hapo ni "wamewahi". Aliyeonjeshwa muratina na babu yake akiwa na miaka tisa yuko ndani. Anayekunywa kila Ijumaa nyuma ya bweni yuko ndani pia. Ukiweka ile 7.5 ya wanafunzi kando ya asilimia 1.9 ya watu wazima ya 2022, utadhani wanafunzi wanavuta mara nne ya wazazi wao. Lakini moja iliuliza maisha yote, nyingine iliuliza matumizi ya sasa. Hayo ni maswali mawili, na hayawezi kushindanishwa.

Pili, asilimia inalinganishwa na nini? Ripoti ya 2022 ilipotoka, kichwa cha habari kilichosambaa kilikuwa kwamba matumizi ya bangi yamepanda kwa asilimia 90 katika miaka mitano. Ni kweli: kutoka 1.0 hadi 1.9. Yaani kwa kila watu mia moja, mmoja alikuwa anavuta mwaka 2017, na mwaka 2022 walikuwa karibu wawili. Ukisema "karibu mara mbili" ni sawa. Ukisema "kutoka mmoja hadi wawili kati ya mia" ni sawa vilevile. Moja inakufanya utake kuita polisi. Nyingine inakufanya utake kumjua huyo mtu wa pili ni nani na nini kilimtokea katika miaka hiyo mitano.

Uchaguzi wa maneno una uzito, maana namba hizi huzaa sheria. Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka 18 hadi 21. Unaweza kuunga mkono au kupinga. Lakini hoja za pande zote mbili zimesimama juu ya majibu ya vijana waliokuwa wakitazama mwalimu amekaribia dawati la ngapi.

* * *

Sasa nikuonyeshe kitu ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii.

Mwaka 1965 mwanatakwimu Mmarekani, Stanley Warner, alichapisha makala akipendekeza kwamba njia ya kupata ukweli ni kumruhusu mhojiwa afichwe na bahati nasibu. Yeye alitumia kishale cha kuzungushwa. Baadaye yakabuniwa matoleo mengine ya wazo hilo, na lililo rahisi zaidi linahitaji sarafu tu.

Fikiria darasa kubwa la wanafunzi 200. Kila mmoja anarusha shilingi yake mahali ambapo hakuna anayemwona. Ikianguka upande wa nembo, anajibu "ndiyo", haijalishi ukweli ni upi. Ikianguka upande wa pili, anajibu kweli: je, umetumia bangi mwezi huu? Mwisho unakusanya majibu. Tuseme "ndiyo" ni 130.

Huwezi kumnyooshea kidole yeyote kati ya hao 130. Mwalimu mkuu akimwita mmoja ofisini na kumuuliza, "Kwa nini ulisema ndiyo?", anajibu, "Mwalimu, ilikuwa nembo." Lakini darasa kwa pamoja limesema ukweli. Kati ya wanafunzi 200, karibu 100 walipata nembo na wakalazimika kusema ndiyo. Waliobaki kama 100 walijibu kwa dhati, na kati yao "ndiyo" ni 30. Asilimia 30 ya darasa wanatumia, na hujui hata jina moja.

Mara ya kwanza kuielewa hesabu hii nilicheka peke yangu ndani ya matatu. Kwa miaka yote hiyo tulidhani ukweli na usalama wa msemaji vinavutana, kwamba ukitaka kimoja lazima ukipunguze kingine. Warner alionyesha kwamba hesabu inaweza kuvibeba vyote viwili.

Bei ipo, na si ndogo. Nusu ya majibu uliyoyakusanya ni kelele za sarafu, kwa hiyo jibu lako linayumba zaidi. Katika mfano wetu, ili upate uhakika sawa na wa kuuliza moja kwa moja, unahitaji wanafunzi zaidi ya mara nne. Pia unahitaji wakuamini. Ukimwambia kijana wa Mathare au Majengo aliyezoea kupekuliwa mifuko bila sababu kwamba sarafu itamlinda, atakutazama na kujiuliza mchezo ni upi. Sarafu inaweza kumficha mtu kwenye karatasi. Haiwezi kuondoa yale aliyoyapitia kabla hujafika na karatasi yako.

* * *

Na kuna vijana ambao hata sarafu haiwafikii, kwa sababu hawako shuleni wala hawako nyumbani.

Hesabu ya shule inahitaji dawati. Hesabu ya kaya inahitaji mlango. Kijana aliyeacha shule darasa la saba, anayelala kwenye banda la gari bovu au maskani ya pwani, hana vyote viwili. Kwa pombe na tumbaku pengo hilo linaweza kuvumilika, maana watumiaji wengi wana milango. Kwa heroini haliwezekani. Malindi, Mombasa, Lamu na baadaye Nairobi, watu walikuwa wanaijua heroini kwa majina ya marafiki waliozikwa. Mradi wa Omari ulianza kuwahudumia mateja wa Malindi mwaka 1995. Lakini kwenye meza za serikali tatizo lilikuwa dogo, kwa sababu hojaji iliyopita nyumba kwa nyumba haikumkuta mtu.

Mwaka 1997 Douglas Heckathorn, mwanasosholojia Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi na watu wanaojidunga sindano katika jimbo la Connecticut, alielezea njia iliyogeuza mambo. Badala ya mtafiti kuwatafuta wanaojificha, wanaojificha watafutane wenyewe. Unaanza na watu wachache wanaoitwa mbegu. Ukishamhoji mmoja, unampa kuponi, tuseme tatu, awape anaowajua. Wanaokuja na kuponi wanahojiwa, wanalipwa kidogo kwa muda wao, nao wanapewa kuponi zao. Mnyororo unakua. Majina hayaandikwi. Lakini kila mmoja anaulizwa swali moja la maana: unawajua watu wangapi kama wewe? Mwenye marafiki hamsini ana nafasi kubwa ya kufikiwa na kuponi kuliko mwenye wawili, kwa hiyo kwenye hesabu jibu lake hupewa uzito mdogo, na la yule mpweke hupandishwa. Mtu ambaye mtaa mzima ulishamsahau, hapo ndipo jibu lake lina uzito kuliko la wengine.

Njia hii ilitumika Nairobi mwaka 2011. Walifikiwa watu 269 wanaojidunga, na karibu asilimia 19 kati yao walikuwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka uliofuata utafiti wa kitaifa ulipata kiwango cha asilimia 5.6 kwa Wakenya wa miaka 15 hadi 64. Yaani zaidi ya mara tatu. Wakati serikali ilipotangaza mwaka 2012 mpango wa kugawa sindano safi, viongozi wa dini walipinga vikali, na ninaelewa kwa nini: ukimpa mtu sindano unaonekana kama umembariki. Lakini sasa mabishano yalikuwa na namba ya juu na namba ya chini, tena namba zilizoletwa na mateja wenyewe, kuponi kwa kuponi.

Desemba 2014 kliniki ya kwanza ya serikali ya kutoa methadoni ilifunguliwa Nairobi. Malindi ikafuata mwaka 2015. Methadoni ni dawa ya kunywa, inayomwezesha aliyezoea heroini kuishi siku yake bila arosto na bila kuwinda kete. Anayetibiwa huja kila siku, ananyweshwa dozi yake dirishani, anaenda zake.

Kliniki ile ya kwanza iliwekwa Mathari. Ni hospitali ileile ambayo mwaka 1945 daktari wake alihesabu walioletwa na akadhani amehesabu jamii. Miaka sabini baadaye, watu wa kundi linalowindwa kuliko yote jijini walikuwa wanaingia kwa lango hilohilo asubuhi na mapema, kwa miguu yao. Waliulizwa na watu waliowaamini kiasi cha kuwajibu, na majibu yao yakawafungulia dirisha la dawa.

Kwa hiyo ripoti nyingine itakapotoka, na itatoka, na mjomba ataituma kwa grupu, isome hadi ndani. Tafuta ukurasa unaoeleza watafiti walimhoji nani, wapi, na nani alikuwa amesimama karibu akisikiliza. Ukurasa huo kwa kawaida hauna picha wala rangi, na hakuna gazeti litakalounukuu. Mimi huanzia hapo kabla sijafika kwenye asilimia.